Bi Gramu na Okarina ya Kwanza

Muuzaji akikwambia acha cha bei kubwa, chukua cha bei ndogo, ujue ana lake jambo. Ndivyo alivyoamini Bi Gramu, na hakuokota imani hiyo njiani. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo. Kazi yake ilikuwa kuingia dukani kama mteja wa kawaida, kununua kilo ya sukari, kwenda nayo pembeni na kugundua kwamba ni kilo kwa jina tu. Jina la Bi Gramu lenyewe alipewa na wachuuzi, na hawakumpa kwa mapenzi. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu tangu astaafu, lakini kustaafu kulimtoa ofisini tu. Mizani ndogo ya mfukoni alitembea nayo bado, ndani ya mkoba, kati ya leso na miwani.

Asubuhi hiyo alisimama mlangoni kwa mfinyanzi, akitazama rafu ya okarina kwa jicho lililowahi kufunga maduka. Okarina, kwa asiyeijua, ni filimbi ya udongo wa kuchoma. Ina tumbo kama kiazi, mdomo wa kupulizia, na matundu ya kuziba kwa vidole. Bi Gramu naye alikuwa haijui hadi juzi, mumewe alipoitaja.

Mume huyo alikuwa fundi rangi, na kuliko rangi alijulikana kwa mluzi. Alipiga mluzi juu ya ngazi, alipiga mluzi akikoroga makopo, na jioni jengo zima lilijua amerudi kabla hajafika ghorofa ya kwanza. Miezi miwili iliyopita aliamka upande wa kushoto wa uso umelala. Jicho halifumbi, shavu limelegea, pembe ya mdomo imeshuka. Daktari alisema ni mshipa wa uso, wala si kiharusi. Huenda ukaamka wote, huenda ukaamka nusu. Mluzi ulikoma siku hiyohiyo. Baada ya mluzi yakapungua maneno, baada ya maneno ikapungua hamu ya chakula, na kila alipomfunga vifungo vya shati Bi Gramu aliona jinsi shati linavyozidi kuwa kubwa.

Ndipo juzi, bila kuulizwa, mzee akasema, "Kuna kitu kinaitwa okarina. Nilikiona nikipaka rangi nyumba ya mwalimu wa muziki. Hakitaki midomo ya kukaza. Kinataka pumzi tu. Nitafutie."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi miwili kutaka kitu. Bi Gramu alijua, kama alivyojua kilo ni gramu elfu moja, kwamba akikosea katika hili mumewe hataomba tena. Kwa hiyo aliingia kwa mfinyanzi na hofu moyoni, na hofu ya Bi Gramu kila siku ilivaa nguo za shaka.

Karakana ilinuka udongo mbichi. Katikati kulikuwa na gurudumu la kufinyangia, pembeni tanuri lenye mlango wa chuma, na kila kitu kilifunikwa na vumbi jeupe, akiwemo mfinyanzi. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye aproni ya turubai na mikono iliyokauka mpaka ikapasuka.

"Karibu mama. Unatafuta ya kwako?"

"Ya mtu anayeanza."

"Nani huyo? Mtoto? Mtu mzima?"

Mkaguzi hajitambulishi dukani, wala hasemi ananunua kwa ajili ya nani. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi: muuzaji akikujua, atakupimia vizuri wewe peke yako na kuwaibia wengine wote. Uongo ulimtoka Bi Gramu mwepesi, kama ulivyotoka kwa miaka thelathini na moja. "Mtoto wa dada yangu. Ana miaka kumi."

"Vidole vyake vikoje? Virefu? Na meno ya mbele yapo yote?"

Bi Gramu akamkazia macho. Amewahi kuulizwa anataka kiasi gani, amewahi kuulizwa ana mfuko au hana, lakini muuzaji anayeuliza meno ya mteja alikuwa hajamwona. "Meno yanahusiana nini na filimbi?"

"Yanahusiana na mdomo, mama. Na mdomo ndio unaopuliza."

Alimletea okarina ndogo ya bei ya chini, ya rangi ya udongo, matundu sita, haina hata ua lililochorwa. "Hii. Haihitaji pumzi nyingi, na mikono midogo inaizunguka vizuri."

"Na ile?" Bi Gramu alinyoosha kidole juu ya rafu, kwenye okarina kubwa ya buluu, inayong'aa, iliyochorwa majani shingoni.

"Ile ina matundu kumi na mawili. Vidole vyote kumi viko kazini, na ukipuliza kidogo tu zaidi inapiga kelele. Si ya anayeanza. Mtoto atailia machozi."

"Nipe niione."

Alitoa mizani yake ndogo, akaiweka mezani. Mfinyanzi akainamia mizani, kisha akamtazama mwenye mizani, na uso wake ukabadilika chini ya lile vumbi.

"Nilisema sura hii naijua," alisema taratibu. "Wewe ndiye Bi Gramu. Mama yangu alikuwa na duka la nafaka nyuma ya soko. Ulimchukulia mizani."

Bi Gramu hakumkumbuka mama huyo. Alichukua mizani nyingi. Lakini mtenda husahau, mtendwa hasahau, na hapa mtoto wa mtendwa alikuwa amesimama mbele yake na kifilimbi kibaya mkononi, akimsihi akichukue. Mambo yakajipanga kichwani mwake yenyewe. Kumbe ndiyo maana ananisukumia hiki. Anataka niondoke na takataka, nikachekwe nayo nyumbani.

Akapima. Ndogo ilikuwa gramu tisini na mbili. Kubwa ilikuwa gramu mia tatu na kumi. Akazigonga zote mbili kwa ukucha kusikiliza kama zina ufa, akachungulia matundu, akanusa. Ufa hakuuona, lakini gramu zilikuwa gramu. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwibia kwa kumzidishia uzito.

"Nitachukua kubwa."

"Mama, nakuambia ukweli wa Mungu..."

"Kubwa."

"Basi chukua na hii ndogo ujaribishe. Ukiona haifai utanirudishia."

Sasa anataka kunipa na cha bure! Shaka ya Bi Gramu ikawa hukumu. Aliondoka na okarina ya buluu ndani ya gazeti, akitembea haraka, akijipongeza kwamba uzee haujamtia ukungu.

Nyumbani mumewe alikuwa amekaa mezani jikoni, pazia limefungwa, taa inawaka mchana kweupe. Pazia hilo lina habari yake. Juma la kwanza la ugonjwa mzee alitaka kukaa barazani, apigwe na jua, awaone watu. Bi Gramu alimwambia upepo utauzidisha ugonjwa, akamrudisha ndani, akafunga. Majirani walipouliza mluzi uko wapi, akasema mume amesafiri, amepata kazi ya kupaka hoteli mji mwingine. Alijiambia anamkinga na huruma za watu. Ukweli ni kwamba aliona haya. Mtu aliyetembea miaka yote akitafuta kilichopungua kwa wengine hakutaka waone kilichopungua kwake.

Mzee alilifungua gazeti, na jicho lake zima likang'aa. Akaipangusa okarina kwa kiganja, akatafuta matundu kwa vidole vyake vya fundi, akaweka mdomo, akapuliza.

Ilitoka pumzi tupu. Pumzi yenyewe haikuingia kwenye okarina. Ilitorokea pembe ya kushoto ya mdomo pamoja na mate. Akajaribu tena. Akatoa mkono wa kushoto, akabana pembe ile kwa kidole, akapuliza, na okarina ikatoa sauti ya birika linalokaribia kuchemka, maana matundu matano yalikuwa wazi. Akairudisha mikono yote miwili, pumzi ikatoroka tena. Mdomo wa okarina ulikuwa mpana, na mdomo wake haukuweza kuuzunguka.

"Polepole," alisema Bi Gramu. "Umeanza sasa hivi."

"Huyo mtu," mzee aliuliza, akijifuta kidevu, "hakukuuliza ni ya nani?"

"Aliuliza."

"Ukamwambia nini?"

Bi Gramu angeweza kudanganya tena, lakini alikuwa jikoni kwake, na uongo wa kazi haukuzoea kufanya kazi pale. "Nilimwambia ya mtoto wa dada."

Mzee akaiweka okarina mezani, taratibu sana, isije ikavunjika. Kisha akasema, "Hata kwa mtu usiyemjua unanificha."

Hakusema zaidi. Aliinuka akaenda chumbani, akalala akiutazama ukuta, na chakula cha mchana kilipoa juu ya meza, na cha jioni kikapoa juu ya cha mchana. Bi Gramu alikaa na okarina ya gramu mia tatu na kumi, na kwa mara ya kwanza alitamani mtu mwingine awe na kosa. Akamtafuta, akampata: mfinyanzi.

Kesho yake, karakana haijafunguliwa vizuri, alikuwa mlangoni na okarina ya buluu mkononi. "Umelipa kisasi? Umeridhika?"

Mfinyanzi alikuwa na ndoo ya maji mkononi. Akaishusha. "Kisasi gani, mama?"

"Cha mama yako! Umeniuzia kitu kisicholia."

"Mimi ndiye niliyekuuzia? Nilikukataza nusura nipige magoti!" Akacheka, na Bi Gramu akakichunguza kicheko kile, akitafuta sumu ndani yake. "Halafu kuhusu mama, ngoja nikwambie. Mama yangu alikuwa mwizi. Kila kilo yake ilipungua robo. Mimi na dada zangu tumesoma kwa robo hizo. Ulipochukua mizani ile alilia siku tatu, ya nne akanunua mizani ya haki, na tangu hapo akaanza kulala usingizi. Hadi leo anakutaja. Anasema, yule mwanamke alikuwa na roho ngumu lakini hakupokea hata embe."

Bi Gramu alikuwa amejiandaa kwa matusi, na kwa hilo hakuwa amejiandaa. Bado hakuamini. Kumvika mtu kilemba cha ukoka ni mbinu ya zamani sokoni.

"Lete niisikie," mfinyanzi akasema. Akaifuta okarina ya buluu, akapuliza, na sauti ikatoka nzito na safi, ikajaza chumba mpaka juu ya tanuri. "Haina kosa. Kwa hiyo kosa liko kati ya hii na mpulizaji. Huyo mtoto anapuliza vipi hasa?"

"Pumzi inatoroka."

"Inatorokea wapi? Miaka kumi, ana meno au hana?"

Bi Gramu aliutazama mlango. Nje mikokoteni ilikuwa inapita kwenda sokoni, na kila mkokoteni una mtu anayemjua. Akisema hapa, kufikia adhuhuri soko zima litakuwa linasema: mmesikia ya Bi Gramu? Mumewe kapinda mdomo. Watu aliowatoza faini wataletewa habari hiyo kama zawadi. Na huyu mbele yake, mwenye maneno matamu, huenda ndicho alichokuwa anakingojea tangu jana, siri badala ya kisasi.

Lakini alikumbuka mgongo wa mumewe ukiutazama ukuta. Kati ya kucheka kwa soko na ule mgongo, mgongo ulikuwa mzito zaidi. Kwa hilo hakuhitaji mizani.

"Si mtoto," alisema. "Ni mume wangu. Ana miaka sitini na nne. Uso wake umelala upande wa kushoto. Mdomo haufungi."

Mfinyanzi hakuguna wala hakusema pole. Aliuliza, "Akiubana kwa kidole, unafunga?"

"Unafunga."

"Basi anabaki na mkono mmoja. Anataka okarina ya mkono mmoja, na mdomo wa kupulizia mwembamba. Zipo. Lakini zipo tano, na kila moja ina mdomo wake. Mlete."

"Nipe zote tano. Nitamwonyesha nyumbani, nitakurudishia nne."

"Mama, kiatu hujaribiwa na mwenye mguu. Nikimwona anavyopuliza nitaweza hata kuuchonga mdomo palepale. Kwa kusimuliwa siwezi." Kisha akaongeza, kwa upole, "Mficha uchi hazai."

Bi Gramu akaona mtego umefungwa. Anataka amwone kwa macho! Alitoka bila kuaga, akapita barabara mbili akiwa amevimba, na barabara ya tatu akagundua kwamba katika miaka thelathini na moja hakuwahi kukutana na mlaghai anayemwambia mteja arudi na shahidi.

Alimweleza mumewe akiwa amesimama mlangoni mwa chumba. Alimweleza yote, pamoja na kwamba amesema. "Nilimwambia ni wewe. Nilimwambia na mdomo. Sasa anataka uende mwenyewe, ila kama hutaki..."

Mzee alikuwa ameshakaa kitandani, anatafuta viatu kwa miguu.

Ngazini, ghorofa ya pili, walikutana na jirani anayefua nguo za watu, amebeba beseni. Beseni nusura limponyoke. "Fundi! Kumbe umerudi safari!"

Bi Gramu akafungua kinywa, lakini mzee akamtangulia. Maneno yalitoka mapana, yamelegea upande, ila yalitoka. "Sikusafiri. Nilikuwa ndani. Naumwa uso."

Jirani alimtazama yeye, akamtazama mkewe, kisha akaketi kwenye ngazi na beseni lake. "Mungu nisamehe! Miezi miwili tunasikia mwanaume anakohoa humo ndani, na mwenye nyumba kasafiri. Mama, sisi tulishakuhukumu! Tulisema Bi Gramu na uzee ule kaingiza bwana!"

Mzee alicheka. Kilikuwa kicheko cha upande mmoja, chenye mate, na kilimtingisha mpaka akashika ukuta. Bi Gramu alisimama kati yao akiwaka masikio, asijue aanze na hasira ipi. Miezi yote amewakagua majirani wasiione aibu yake, na wao wamemshonea nyingine kubwa kuliko ile.

Kwa mfinyanzi okarina tano zilikuwa zimepangwa kwenye kitambaa safi, chupa ya spiriti pembeni. Hazikuwa na buluu wala majani. Zilikuwa na matundu manne kila moja, yamepangwa mkono mmoja uyafikie, na midomo myembamba. Mfinyanzi alimkalisha mzee kwenye kigoda, akamshika kidevu kama kinyozi, akautazama mdomo ule uliopinda kwa dakika nzima kama mtu anayetazama kazi. Bi Gramu, ambaye hakuwahi kumwonyesha mtu wa nje mdomo ule, aligeuza macho kwenye tanuri.

Ya kwanza pumzi ilitoroka. Ya pili ilitoroka kidogo. Ya tatu ilikuwa na ukwaruzo, mfinyanzi akachukua msasa akaisugua. Bi Gramu akashindwa. Mkono ukaingia mkobani, mizani ikatoka.

"Hiyo ya nne inaonekana nyepesi mno," alisema. "Hebu niione. Na hapa kuna kama mstari, si ufa huu? Mbona unamharakisha?"

Mzee akageuka. "Mama watoto, nenda nje."

"Nataka tu kuhakikisha..."

"Nenda nje. Hiki nachagua mwenyewe."

Akatoka. Alisimama kwenye kizingiti, mlango wazi nyuma yake, mizani mkononi haina cha kupima, na alijua amestahili. Ndani alisikia pumzi, kisha kikwaruzo, kisha mfinyanzi akisema, "Punguza. Kama unapoza chai." Kisha pumzi tena.

Mchuuzi mmoja wa vitunguu alikuwa anapita na mkokoteni wake. Alimwona Bi Gramu, na kwa mazoea ya zamani akapunguza mwendo. Huyu aliwahi kupigwa faini mara mbili. Akachungulia ndani ya karakana juu ya bega lake. Palepale okarina ikalia. Ilikuwa sauti moja, ya chini, inayotetemeka, ikakatika, ikarudi, ikakaa.

"Nani huyo mle?" mchuuzi akauliza. "Mbona mdomo wake uko vile?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini, la kazini, jepesi: mteja tu, simjui. Bi Gramu alilisikia likija. Akairudisha mizani mkobani, akafunga zipu, akamkabili.

"Ni mume wangu," alisema. "Uso wake umelala upande mmoja, na hiyo ndiyo sauti yake ya kwanza kwa miezi miwili. Unataka kucheka, cheka sasa mbele yangu. Hutaki, kaa kimya nimsikie."

Akamkagua uso wote, macho, pembe za midomo, akitafuta kicheko. Alitafuta kwa muda mrefu, kwa sababu hakuwa mtu wa kuamini haraka. Mchuuzi akashusha mikono ya mkokoteni chini, akavua kofia yake kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, na wakasimama wote wawili pale mlangoni wakisikiliza.